Vita vya mezani: simulizi au ushindani? Ulinganisho kwa wachezaji wa Mtwara na Lindi

Watu wanne wakikaa meza moja kucheza vita kwa vinyago vya askari na dadu, wawili wamekuja kushinda na wawili wamekuja kuona vita vitaishaje, jioni hiyo itaharibika hata kama hakuna aliyevunja kanuni. Wale wa kwanza watahesabu pointi na kuhimiza zamu ziende. Wale wa pili watapeleka kikosi kikafie darajani kwa sababu kamanda wao asingekubali kurudi nyuma, na wenzao watahisi wanachezewa. Kila mmoja yuko sahihi kwa mchezo alioujia. Shida ni kwamba michezo ni miwili na meza ni moja.

Kwa kikundi kinachoanza Mtwara mjini, Masasi, Lindi au Nachingwea, uchaguzi huu ni mzito kuliko ulivyo kwa klabu kubwa ya Uingereza. Huko mpenda ushindani anapata wa kucheza naye, na mpenda simulizi naye hakosi wake. Huku mnaweza kuwa watano tu, na mkigawanyika hakuna mechi. Kwa hiyo heri kujua mapema kila aina inadai nini.

Swali lililo mezani

Mchezo wa ushindani unauliza: kati yetu wawili, nani ameamua vizuri zaidi? Jibu haliwezi kuwa la haki bila mizani. Ndiyo maana kila kikosi kinapewa bei ya pointi, majeshi yanakuwa na jumla moja, uwanja haumbebi mtu, na idadi ya raundi inajulikana kabla dadu haijarushwa. Katika Warhammer 40,000, mchezo maarufu wa vinyago vya plastiki, kwa mfano, mechi ya kawaida ya mashindano ni jeshi la pointi 2,000 kila upande, meza ya inchi 60 kwa 44 (sm 152 kwa 112), raundi tano, na pointi za ushindi zisizozidi 100. Kati ya hizo, 10 hutolewa kwa jeshi lililopakwa rangi lote.

Mchezo wa simulizi unauliza: watu hawa, mahali hapa, wakiwa na walichonacho, nini kitatokea? Usawa wa majeshi si sharti. Upande mmoja unaweza kuwa na watu mara tatu ya mwenzake, na ule mdogo ukahesabiwa umeshinda kwa kuchelewesha tu mpaka giza liingie. Kila upande una lengo lake, wakati mwingine la siri. Yanayobebwa kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, yaani waliokufa, risasi zilizoisha, daraja lililovunjwa, yana uzito kuliko habari ya nani kashinda leo.

Mvutano huu ni wa zamani kuliko vinyago vya plastiki. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa vita wa Reisswitz mdogo (mwana, si baba), unaochezwa juu ya ramani, wenye dadu, majedwali ya hasara, na mwamuzi anayehakikisha upande mmoja hauoni mipango ya mwingine. Mwaka 1876 Verdy du Vernois, afisa wa Prussia, akapendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi mzoefu aamue mwenyewe. Hata Warhammer 40,000 ilipotoka mara ya kwanza 1987 ilitegemea mtu wa tatu wa kuendesha tukio. Mechi za watu wawili kwa pointi sawa zilikuja kutawala baadaye, na mwaka 2017 kanuni zake zikatenganisha waziwazi uchezaji huru, wa simulizi na wa ushindani. Basi asikwambie mtu kwamba aina moja ndiyo mchezo wenyewe na nyingine ni ya watoto.

Kazi ya maandalizi inamwangukia nani

Hii ndiyo tofauti ambayo vikundi vipya huigundua wakiwa wameshachelewa. Ushindani unagawa kazi sawasawa: kila mmoja anatengeneza jeshi lake, anasoma kanuni, anafika. Simulizi inamtwika mtu mmoja. Yeye ndiye anachora ramani, anapanga vikosi, anaandika malengo, anaandaa matukio, kisha siku ya mchezo anakuwa mwamuzi na hachezi. Kama hakuna mtu wa kikundi anayefurahia kazi hiyo, msichague simulizi kwa sababu tu inasikika tamu. Itachezwa mara mbili, kisha mwamuzi atachoka na kila mtu ataulizana kulikoni.

Kwa ushindani wa gharama ndogo, De Bellis Antiquitatis (DBA, kanuni za vita vya kale za mwaka 1990) inafaa mazingira yetu kuliko michezo mikubwa ya plastiki. Jeshi zima ni vibao 12 tu, yaani vipande vidogo vilivyobandikwa askari, kila kimoja kikiwa kikosi. Kwa vinyago vya milimita 15, kila kibao kina upana wa milimita 40, na uwanja wa kama sm 60 kwa 60 unatosha. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 inakatwa viwanja vinane vya futi 2 kwa 2. Mechi haifiki saa moja ukishazoea. Wanapokuwa wanne na viwanja viwili, kila mtu anakutana na kila mtu kwa raundi tatu, mechi sita, na siku imekwisha mchana. Wakiwa sita, ni mechi 15: raundi tano kwenye viwanja vitatu. Wakifika wanane, msilazimishe wote kukutana. Raundi tatu za kuwapanga walioshinda dhidi ya walioshinda zinatosha kumtoa mmoja asiyeshindwa, ilimradi sare ziwe na kanuni ya kuzivunja.

Simulizi haibanwi na idadi. Watatu wanatosha: mwamuzi na makamanda wawili. Wakija saba, watano wanagawana vikosi vya upande mmoja, na hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu makamanda wa upande mmoja nao huanza kutoelewana. Kinachoibana ni mahudhurio. Kampeni (michezo inayofuatana na kubebana) ya michezo sita inakufa mtu wa Masasi asipofika mara mbili, na kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kama km 200. Mchezaji wa ligi asipokuja, mnaandika mechi yake itachezwa baadaye. Kamanda wa kampeni asipokuja, vita vizima vinasimama. Wapeni kila kamanda msaidizi mwenye ruhusa ya kuamrisha, na andikeni maagizo ya mchezo ujao kabla ya kuachana, ili asiyekuwepo awe ameacha neno lake kwenye karatasi.

Kalenda pia ina lake. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho unachukua watu, hasa wa Newala, Tandahimba na Masasi. Kampeni ianze baada ya mvua na imalizike kabla ya Oktoba. Ligi inaweza kuanza wakati wowote.

Vifaa

Vinyago vya kununua nje ni ghali na usafirishaji huongeza. Kwa ushindani wa michezo ya plastiki kuna hasara ya pili: bei za pointi hubadilishwa na mtengenezaji kila baada ya muda, na kikosi ulichokinunua kwa kuwa kilikuwa na nguvu kinaweza kuwa mzigo kabla hujamaliza kukipaka rangi. Mcheza simulizi haguswi na hilo. Kwake askari aliyepakwa rangi miaka mitano iliyopita bado ni askari.

Kwa aina zote mbili, vinyago vya karatasi vinakubalika. Chapisha steshenari kwenye karatasi nzito ya gramu 160 hadi 200, kunja pande mbili zibebane mgongo kwa mgongo, gundisha kwenye kibao cha plaiwudi ya milimita 3. Upepo wa kusi ukivuma barazani vitaanguka vyote, kwa hiyo gundisha washa ya bolti chini ya kila kibao na uipake rangi au vanishi pande zote. Hewa ya chumvi ya Mikindani itaipa kutu upesi na kutu itachafua uwanja.

Uwanja ndipo aina hizi zinapoachana. Mshindani anahitaji vizuizi vyenye mipaka isiyobishaniwa: msitu uliokatwa kwenye kipande cha kapeti chenye ukingo unaoonekana, kilima chenye ngazi, nyumba ya mraba. Miti iweze kutolewa na ukingo ubaki. Mcheza simulizi anataka mahali pajulikane ni wapi, kwa hiyo makumbi ya nazi kwa paa, mchanga, mikorosho ya sponji ya godoro iliyochanwa na kupakwa kijani kibichi. Mambo matatu huharibu kazi hii. Mchanga wa baharini usiooshwa huvuta unyevu kwa chumvi yake, na rangi hubanduka. Uoshe kwa maji baridi mara tatu na uukaushe juani. Rangi ya kupuliza huyeyusha povu jeupe la kufungia vyombo. Lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao, iache ikauke, ndipo upulize. Na maganda mabichi ya korosho, ambayo yanafanana kweli na mawe ya mezani, yasitumike. Mafuta yake yanababua ngozi, na anayeshika uwanja kwa saa tatu kisha akajifuta jasho usoni atajuta.

Ushindani ukichezwa vizuri

Ushindani unafundisha hesabu, na hesabu yenyewe ni tamu ukiielewa. Katika DBA kila upande unarusha dadu moja na kuongeza nguvu ya kibao chake. Nguvu zikiwa sawa, kati ya matokeo 36 ya dadu mbili kila upande unashinda 15 na sare ni 6. Mmoja akisimama mahali pa juu anaongeza moja, na mara moja hesabu inakuwa 21 kwake, sare 5, na 10 kwa adui. Nyongeza moja tu, na adui amepoteza theluthi ya nafasi zake. Anayejua hilo hapigani mpaka amepata kilima au ameuzunguka ubavu, na hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Aliyezidiwa kidogo husukumwa nyuma. Aliyezidiwa maradufu kwa kawaida huangamia. Anayetangulia kupoteza vibao vinne, akiwa amepoteza vingi kuliko mwenzake, ameshindwa.

Kwa michezo ya kurusha dadu nyingi, hesabu ya wastani hudanganya. Dadu 10 zinazohitaji 4 au zaidi zitatoa wastani wa 5, lakini kupata 3 au pungufu hutokea karibu mara moja katika kila sita. Mshindani mzuri anapanga zamu yake ili hata zikija 3 asianguke. Mcheza simulizi anasubiri kwa hamu hizo 3, maana hapo ndipo mlinzi mmoja wa lango anapokuwa jina la kukumbukwa.

Magomvi ya ushindani huja kwenye vitu vidogo, na dawa yake ni kukubaliana kabla. Dadu iliyoegemea kitu inarushwa upya, haisomwi. Kipimo kinaanzia ukingo wa kibao, si mkono wa askari. Anayesogeza aseme nia yake kwa sauti: “Kaka, nakisogeza hiki kibaki nje ya masafa yako, umeona?” Mwenzake aangalie na ajibu, “Nimeona, kiko nje.” Baada ya hapo hakuna kubishania milimita mbili. Kauli hiyo fupi inaokoa urafiki kuliko kipimo chochote.

Kuchelewesha makusudi ni kasoro ya pili. Anayeongoza kwa pointi hupunguza mwendo ili muda uishe. Wekeni saa ya simu ya kugawana muda kama ya sataranji, dakika 30 kila mmoja kwa mechi ya saa moja. Aliyemaliza zake anaruhusiwa kurusha dadu za kujilinda tu. Chajini simu kabla, maana umeme unaweza kukatika.

Kasoro ya tatu ni nzito zaidi na haina kanuni ya kuiponya haraka: katika kikundi cha watu watano, mmoja akiwa hodari sana, ligi yote inajulikana mshindi wake kufikia wiki ya tatu, na wawili wa mwisho wanaacha kuja. Mpeni kizuizi cha wazi, kama vibao 11 dhidi ya 12, au acheni jeshi lake lichaguliwe kwa dadu. Akikataa, mjue ligi yenu haitafika mbali.

Simulizi ikichezwa vizuri: Mahiwa, Oktoba 1917

Mtu wa Lindi hana haja ya kutafuta uwanja wa vita ng'ambo. Mahiwa, jirani na Nyangao kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi, palipiganwa kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walikuwa na watu kama 4,900, wakiwemo brigedi ya Wanaijeria, dhidi ya kama 1,500 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Waingereza walipoteza karibu 2,700, Wajerumani kama 500. Pande zote mbili, waliobeba sehemu kubwa ya mapigano walikuwa askari Waafrika, na nyuma yao kulikuwa na wapagazi waliobeba kila kitu.

Chukueni kibao kimoja kwa watu 125. Wajerumani wanapata 12, Waingereza 39. Kwa mizani ya ushindani mchezo huu hauruhusiwi kuanza. Kwa simulizi unafunguka wenyewe, kwa sababu hasara za kweli zinageuka kuwa vibao 4 upande mmoja na kama 22 upande wa pili, na bado Lettow-Vorbeck ndiye aliyeondoka. Alishinda uwanjani lakini hakuwa na mahali pa kupata watu wala risasi za kuziba pengo. Tarehe 25 Novemba 1917 alikuwa anavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno, kule Ngomano. Jedwali la pointi halina safu ya kuandika habari hiyo. Kampeni inayo: vibao 22 vya Mwingereza vinarudi mchezo ujao, vinne vya Mjerumani havirudi kamwe.

Uwanja uwe futi 8 kwa 4. Mjerumani anaanza kwenye mwinuko wa katikati, nusu ya vibao vyake ndani ya mahandaki, na anapewa kete 40 kutoka kwenye bao. Bao moja lina kete 64, kwa hiyo hakuna cha kununua. Kila kibao kikipiga risasi anarudisha kete moja. Zamu zikiwa kumi na vibao 12, angehitaji 120 ili kila kimoja kipige kila zamu; ana theluthi tu, na kila risasi inakuwa uamuzi. Kete zikiisha, vibao vyake vinapigana kwa kukaribiana tu. Wanaijeria, vibao 12, wanaingia zamu ya kwanza kutokea kaskazini ili kukata njia ya nyuma. Safu ya kutoka Lindi, vibao 27, inaanza kuingia zamu ya tatu, isizidi vibao tisa kwa zamu. Wapagazi wawekwe mezani, vibao vitatu kila upande. Kibao kilicho mbali na wapagazi zaidi ya sm 40 hakiwezi kupokea chochote. Mchezo wa vita vya huku usio na wapagazi unapotosha jinsi watu walivyokufa.

Mjerumani akipoteza zaidi ya vibao vinne, ameshindwa hata kama mwinuko bado ni wake. Mwingereza akifika zamu ya kumi bila kuangamiza vinne, kamanda wake ameshindwa hata kama ameuteka mwinuko. Angalieni jinsi malengo haya yanavyobadili tabia: Mjerumani anatamani kukaa, lakini kila zamu anajiuliza kama huu ndio wakati wa kutoka.

Mwamuzi ndiye anayeinua au kuua mchezo kama huu. Kamanda akiuliza jambo lisilo kwenye kanuni, kwa mfano kuchoma nyasi ili moshi ufunike shambulio, mwamuzi ataje nafasi kwa sauti kabla ya dadu: “Upepo unakwenda kwao, nakupa 3 au zaidi.” Akishataja, habadilishi. Matukio ya ziada yasizidi sita, yaandikwe kabla na kufungwa kwenye bahasha pamoja na zamu yatakayotokea. Mwamuzi anayebuni matukio papo hapo hujikuta anamsaidia anayezidiwa, na anayeongoza ataona. Ugonjwa mwingine ni mwamuzi aliyeshaamua moyoni mwisho uweje. Vita vikielekea kwingine anavirudisha kwa dadu za siri. Dadu zote zirushwe mbele ya watu.

Maji Maji mezani

Vita vilivyoanza Julai 1905 huko Nandete, kwenye milima ya Matumbi, vitatamaniwa na kila kikundi cha Lindi, na vinafaa simulizi peke yake. Ukivigeuza vya pointi, itabidi uongeze bunduki upande wa wananchi au uwapunguze askari wa Wajerumani mpaka walingane, na hapo umeondoa kitu kilichovifanya viwe vilivyokuwa.

Kosa la kawaida la mtunzi ni kuyafanya maji ya Kinjikitile Ngwale kuwa kinga inayopunguza madhara ya risasi kwa pointi kadhaa. Hayakuzuia risasi, yaliwaunganisha watu wa makabila mengi na kuwapa ujasiri wa kusogea mbele ya bunduki. Basi kanuni iwe ya moyo. Vikosi vyenye imani havipimwi ujasiri vinaposhambuliwa kwa mbali, vinaendelea kusogea wakati vikosi vingine vyote mezani vingesimama. Kikosi cha kwanza kikiangamizwa mbele ya macho yao, kila kilicho ndani ya sm 30 kinarusha dadu: 1 au 2, kimeipoteza imani hiyo kwa mchezo wote na kinapimwa kama wengine. Kampeni ikiendelea, mwamuzi aanze kila mchezo kwa kuuliza habari za mapambano yaliyopita zimefika wapi. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni kabisa, na vita vikaendelea hadi 1907. Kampeni isiyoweza kuendelea baada ya kifo chake imekosea.

Haya ni mambo ya babu za watu mnaokaa nao mtaa mmoja. Mzee akisimama kuangalia na akasema kisima kilikuwa upande ule, si huu, mwamuzi ashukuru na akihamishe. Na asiwepo mchezaji wa kuigiza kejeli za mkoloni ili kuchekesha meza.

Njia ya kupima ujuzi ndani ya simulizi

Wengi hudhani mchezo usio na usawa hauwezi kutoa mshindi wa haki. Unaweza, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kubadilishana pande. Mahiwa ichezwe mara mbili, makamanda wakihamiana, na anayelinganishwa ni mtu na mtu kwenye kiti kilekile. Wewe ukiwa Mwingereza umeangamiza vibao vitatu. Mwenzako akiwa Mwingereza ameangamiza vitano. Yeye amekushinda, hata kama Mjerumani alishindwa mara moja na kushinda mara moja. Gharama yake ni muda maradufu, kwa hiyo punguzeni zamu ziwe saba au fungueni viwanja viwili kwa pamoja. Siri za mwamuzi zibadilishwe mara ya pili, la sivyo wa pili anacheza akijua.

Ya pili ni mnada. Makamanda wote wawili wanaandika kwa siri: “Nitakubali kuwa Mjerumani nikipewa kete ngapi?” Karatasi zinafunguliwa pamoja. Aliyeandika 34 anampiku aliyeandika 41, anakuwa Mjerumani, na anapewa 34. Hakuna atakayelalamika baadaye kwamba mizani ilipinda, kwa sababu aliipanga mwenyewe. Njia hii inapendwa na washindani, na tumeona ni mlango rahisi wa kuwaingiza kwenye simulizi kuliko kuwaeleza uzuri wake.

Chagueni hivi

Mkiwa wawili au watatu bila mtu wa kuandaa, chezeni ushindani wa DBA. Mkiwa wanne hadi saba na mmoja wenu anapenda ramani na historia, chezeni simulizi, lakini kampeni ya kwanza isizidi michezo mitatu. Mkiwa wanane au zaidi, anzisheni ligi, kwa sababu hakuna mwamuzi anayeweza kuwasikiliza wote. Kama wengine wanasafiri kutoka mbali, siku moja ya mashindano mara moja kwa miezi michache ni bora kuliko kampeni inayokatika. Kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma historia, simulizi bila kusita. Kwa wanaojifunza kanuni mara ya kwanza, mechi fupi tatu nne za ushindani kwanza, kwa kuwa mwamuzi hawezi kuvunja kanuni kwa busara mezani ambapo hakuna anayezijua.

Ikiwa kikundi kimegawanyika nusu kwa nusu, Jumamosi tatu za mwezi ziwe za ligi na ya mwisho iwe ya tukio la mwamuzi, na matokeo yake yasiingie kwenye msimamo wa ligi. Yakiingia, makamanda wataanza kulinda pointi badala ya kutekeleza malengo yao, na Jumamosi ya nne itakuwa ya tatu tu yenye kanuni nyingi zaidi. Mwamuzi wa mwezi huo asamehewe mechi zake za wiki inayotangulia ili apate muda wa kuandaa, na zamu ya uamuzi izunguke. Asiyeweza kuandaa tukio zima atafute vifaa, atunze kumbukumbu za kampeni, au arudie tukio la mwenzake kwa pande zilizobadilishwa.

Kabla ya mchezo wa kwanza, andikeni kwenye karatasi moja mambo manne na kila mmoja aseme amekubali: leo ni ushindani au simulizi, mchezo unaisha zamu ya ngapi, nani anaamua likitokea lisilo kwenye kanuni, na hasara za leo zinabebwa kwenda mchezo ujao au hazibebwi.